Kadi mpya, fremu zilezile

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: mtu kanunua kadi ya grafiki, kaichomeka, na gemu bado nzito. Uzito huo unapimwa kwa FPS, yaani fremu (picha) zinazochorwa kila sekunde. Jibu la kwanza tumelirefusha kwa makusudi, kwa sababu vipimo vilivyomo tunavirejea katika majibu yanayofuata.

SWALI: Wakuu, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani: prosesa ya Core i5-6500, madabodi ya H110, RAM GB 8 ya DDR4 kijiti kimoja, pawa saplai ya wati 550, skrini ya 1080p ya Hz 75. Nilikuwa na kadi ya GTX 1050 Ti, sasa nimenunua RTX 3060 ya GB 12 Kariakoo. GTA V ilikuwa inanipa FPS 55 hivi, sasa ni 70 tu, na nikikatiza katikati ya mji kwa gari inashuka hadi 40 na kukwamakwama. Muuzaji anasema kadi ni nzima. Fundi wangu anasema prosesa imezidiwa, ninunue i7. Rafiki yangu anasema nimeuziwa feki. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata Segerea)

JIBU: Fundi wako ndiye aliye karibu na ukweli, ila ameruka mambo mawili ambayo yote ni ya bei ndogo kuliko i7.

Fikiria banda la chapati asubuhi. Mmoja anasukuma, mwenzake anakaanga. Katika gemu, prosesa ndiyo inayosukuma: kwa kila fremu inapiga hesabu magari yako wapi, watembea kwa miguu wanaelekea wapi, nini kimegonga nini, kisha inaikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi inakaanga: inapaka rangi, vivuli na mwanga. Wewe umeleta kikaango kikubwa chenye moto mkali, lakini msukumaji ni yuleyule. Zamani chapati zilizosukumwa zilikuwa zinasubiri kikaango. Sasa kikaango kinasubiri chapati. i5 yako haijachoka ghafla mwezi huu. Kikomo chake kilikuwepo siku zote, ila 1050 Ti ilikuwa haikifikii.

Hiyo ni nadharia, na inabidi tuihakiki, maana hiyo 70 inatutia shaka: iko jirani mno na Hz 75 za skrini yako, yaani mara 75 kwa sekunde ambazo inabadilisha picha. VSync, setingi inayofunga fremu zisizidi kasi ya skrini, ikiwa imewashwa, FPS haipiti 75 hata ungekuwa na prosesa iliyotoka kiwandani jana, na kadi itaonekana imekaa nusu bila kazi, dalili zilezile za prosesa kuzidiwa. Izime ndani ya gemu, kisha fungua paneli ya Nvidia uhakikishe huko nako imezimwa na hakuna kikomo cha fremu kilichowekwa. Utairudisha ukimaliza kupima.

Sasa pakua MSI Afterburner. Inakuja pamoja na RivaTuner, ambayo ndiyo inayoandika namba juu ya gemu. Katika setingi zake, sehemu ya ufuatiliaji, amuru ionyeshe matumizi ya GPU (chipu ya kadi), kasi yake kwa MHz, joto lake, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, matumizi ya kila kori (kitengo cha kazi) ya CPU, yaani prosesa (si wastani peke yake), joto na kasi ya CPU, RAM iliyotumika, FPS, na muda wa fremu kwa umbo la grafu. Kona ya skrini itajaa namba, ndiyo, lakini ukiacha kimoja utakuja kurudia zoezi zima.

GTA V ina kipimo chake ndani ya menyu ya grafiki. Kiendeshe mara tatu na usiihesabu ya kwanza, kwa sababu vitu vingi ndipo vinapopakiwa kutoka kwenye diski. Andika wastani kwenye karatasi. Kisha shusha rezolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, usiguse kingine chochote, urudie. Pikseli zimepungua kutoka milioni 2 na kidogo hadi laki 9 na ushei. Kazi ya kadi imekatwa zaidi ya nusu, ilhali ya prosesa iko palepale: idadi ya magari barabarani haijui skrini yako ina pikseli ngapi. FPS ikiruka, tuseme kutoka 70 hadi 110, basi kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Ikibaki 70 au ikasogea hadi 73, kizuizi kiko upande wa prosesa. Tunasema "upande wa prosesa" kwa sababu RAM nayo iko upande huohuo, na hapo ndipo fundi wako aliporuka.

Wakati gemu inakwenda, tazama matumizi ya GPU. Asilimia 95 hadi 99 ni afya, kadi inakula inavyostahili. Ikiwa 50 au 60, na hakuna kikomo cha fremu, inasubiri kuletewa kazi. Hapo angalia na MHz pia, maana kadi isiyo na kazi hujipunguzia kasi yenyewe. Asilimia 60 kwenye mwendo wa pole ni kazi ndogo zaidi ya inavyoonekana. Kwenye i5-6500, yenye kori nne na nyuzi (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja) nne tu, tunatarajia utazikuta kori zote zikigonga 95 hadi 100 ukifika katikati ya mji.

Huko kukwamakwama ni ugonjwa wa pili, tusiuchanganye na wa kwanza. Kwa FPS 60 kila fremu inatakiwa ikae milisekunde 16.7. Ukiona grafu ya muda wa fremu inakwenda 16, 16, 17 halafu ghafla 80, jicho linaona mshtuko hata kama wastani bado unasoma 58. Ukiendesha gari kwa kasi gemu inapakia mitaa mipya bila kupumzika. Sasa tazama RAM. Windows, kivinjari ulichosahau kukifunga, na gemu, vyote vikigombania GB 8, vinafika GB 7 na zaidi, na kinachobaki kinahamishiwa kwenye diski. Kama diski yenyewe ni ya kuzunguka na si SSD, mshtuko ndio huo. Fungua kidhibiti kazi cha Windows ukurasa wa diski: ikigonga 100 kila gemu inapokwama, umempata mhalifu, na i7 isingemgusa.

Kijiti kimoja kina kasoro nyingine tena. H110 ina sloti mbili za RAM, na i5-6500 inasoma kutoka njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa DDR4-2133, njia moja inapitisha GB 17 hivi kwa sekunde, njia mbili GB 34. Wewe unatumia barabara ya njia moja na nyingine iko wazi pembeni yake. Ongeza kijiti cha pili cha GB 8, ikiwezekana chapa na kasi ileile, na usikubali kulipia zaidi kwa sababu ni cha 3200: kwenye bodi hiyo na prosesa hiyo kitashuka chenyewe hadi 2133.

Jambo la pili lililorukwa ni joto. Januari na Februari chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi kinapita digrii 30 kabla hata hujawasha mashine, na kadi mpya inamwaga hadi wati 170 ndani ya keshi ambayo zamani ilibeba 75. Joto lote hilo linapita mbele ya feni ya prosesa. Weka programu ya HWiNFO64 na uangalie mstari unaosema kama prosesa inapunguza kasi kwa sababu ya joto. i5-6500 kikomo chake ni digrii 100, na kasi yake ya msingi ni GHz 3.2, ikishuka chini ya hapo gemu ikiwa inakwenda, inajiokoa. Fungua keshi, piga vumbi kwa brashi na blowa huku umeishika feni isizunguke, toa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati. Zile pini nne za plastiki za kipozeo cha Intel zibonyeze mshazari, mbili mbili, kisha geuza bodi uangalie kwa nyuma kama zote zimetokeza. Moja ikiwa haijaingia, kipozeo kinakaa upande na joto linarudi palepale.

Ukishafanya hayo mawili pima tena. Kama kori nne bado ziko 100 na GPU iko 60, basi fundi alikuwa sahihi, na una njia tatu.

Ya kwanza haina gharama. Kwa kuwa kadi ina nafasi, ipe kazi: pandisha tekscha, vivuli, hata rezolusheni ya ndani ya gemu, FPS haitashuka mpaka GPU ifike 95. Punguza vinavyomchosha msukumaji: wingi wa watu na magari, umbali wa vitu kuonekana. Kisha weka kikomo cha FPS 60. Sitini zilizotulia zinachezeka kuliko sabini zinazorukaruka. Tahadhari moja: DLSS na FSR, mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza, hazitakusaidia hapa, kwa sababu zinapunguza kazi ya kadi, ambayo tayari haina kazi.

Ya pili ni i7-6700 au i7-7700 iliyotumika. Kori ni nne zilezile lakini nyuzi nane, na kukwama kutapungua kuliko FPS zitakavyopanda. i7-7700 inahitaji BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye bodi) iwe imesasishwa. Usiuziwe i7-8700: soketi inafanana kwa jina na kwa umbo, lakini haiwaki kwenye H110. Ujue pia kwamba Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi i5-6500, i7-6700 wala i7-7700.

Kwa sababu hiyo sisi tungechagua ya tatu, hata kama ni ya kusubiri miezi: Core i5-12400F, kori sita na nyuzi kumi na mbili, na bodi ya H610 inayotumia DDR4. Vile vijiti viwili vya RAM vinahamia huko, pawa saplai inahamia, kadi inahamia. Hakuna kinachotupwa isipokuwa bodi, i5 na kipozeo chake.

Na rafiki yako? Fungua programu ya GPU-Z. RTX 3060 halali ya GB 12 inaonyesha vitengo 3584 vya hesabu na njia ya kumbukumbu ya biti 192. Ikionyesha GB 6 na 3840, hiyo ni chipu ya laptop iliyopachikwa kwenye kadi ya mezani. Ikiandika neno la feki kwenye jina, huhitaji maelezo yetu.

SWALI: Hamjambo wanangu. Nilimnunulia kijana wangu kadi ya gemu akifaulu mtihani, ilifanya kazi vizuri miezi miwili. Tumehama nyumba, fundi akaja kufunga kompyuta, na sasa mpira wa kwenye kompyuta unakwenda kama picha za mnato. Fundi anasema prosesa imeungua nusu kwa ajili ya safari. Anataka pesa ya nyingine. (Mama, Mbezi)

JIBU: Shikamoo mama. Usitoe pesa bado. Kwa kawaida prosesa haiungui nusu. Ikiungua, kompyuta haiwaki kabisa.

Mwambie kijana azungushe kompyuta uone nyuma yake. Kuna sehemu mbili ambazo waya wa skrini unaweza kuingia. Moja iko juu, karibu na tundu za USB, imesimama wima. Hiyo ni ya madabodi. Nyingine iko chini kidogo, imelala, kwenye bamba la kadi. Waya ukiwa umechomekwa juu, skrini inapata picha kutoka kwenye grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kadi uliyonunua inabaki abiria. Uchomeke wa chini, uwashe upya. Tunaamini itakuwa hivyo.

Kama waya tayari uko kwenye kadi, uangalie waya mweusi wenye meno sita au manane unaotoka kwenye pawa saplai kuingia ubavuni mwa kadi. Mara nyingi unalegea gari likirukaruka.

SWALI: Mambo vipi wataalamu. Nina mashine ya ofisi iliyotumika, i7-6700 na RAM GB 16. Nimeweka RX 6500 XT. Fortnite nikicheza tu inaenda, nikianza kurekodi kwa OBS inakufa, CPU inakuwa 100. Pia gemu nyingine nikiweka tekscha za juu inakwama kila sekunde chache. Dukani wananiambia prosesa imezeeka. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Safari hii prosesa inasingiziwa. RX 6500 XT ina mapungufu mawili ambayo muuzaji hakukwambia.

La kwanza: haina kabisa ile sehemu ya chipu inayobana video wakati wa kurekodi. Kadi nyingi za miaka ya karibuni zinayo, hii imeondolewa. Kwa hiyo OBS inamtwika prosesa kazi hiyo, na nyuzi nane za i7-6700 zinagawana kati ya gemu na video. Dawa ipo ndani ya mashine yako: i7-6700 ina grafiki ya Intel yenye uwezo wa kubana video peke yake, inaitwa Quick Sync. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya video uwashe grafiki ya ndani ifanye kazi sambamba na kadi, kama mashine inaruhusu. Weka draiva ya Intel, kisha kwenye OBS badilisha kibanaji kutoka x264 kuwa QuickSync. Matumizi ya CPU yanashuka sana.

La pili: kadi hiyo inaongea na madabodi kwa njia nne tu, na ilitengenezwa ikitarajia PCIe 4.0 (toleo la njia hizo za kadi). Mashine yako ni PCIe 3.0, ambapo njia nne zinapitisha chini kidogo ya GB 4 kwa sekunde, nusu ya ilichopangiwa. Haina neno mradi kila kitu kinaenea kwenye GB 4 za kadi. Zikijaa, tekscha zinaanza kusafiri kwenda na kurudi kwenye RAM kupitia kijia hicho chembamba, na kila safari ni mkwamo. Washa Afterburner utazame kumbukumbu ya kadi: punguza tekscha mpaka isome GB 3.5 au chini. Fungua na GPU-Z uone kama kadi imekaa kwenye sloti iliyo karibu na prosesa. Mashine nyingi za ofisi zina sloti ndefu mbili, na ya pili ni ndefu kwa sura tu.

Kuna kitu hukutuambia na tunakiogopa. Kadi hiyo inahitaji plagi ya pini sita, na pawa saplai nyingi za mashine za ofisi hazina. Kama dukani walikuwekea kiunganishi kinachotoka kwenye plagi ya SATA ya diski, kiondoe leo. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Pini sita zinaruhusiwa kuvuta 75. Ile plastiki inaanza kuyeyuka taratibu, bila kukuarifu.

SWALI: Habari za jioni. Nina Ryzen 5 2600, bodi ya B450, RAM GB 16 (8 mara mbili) zimeandikwa 3200, na RTX 4060. Skrini ni Hz 144. Kwenye Counter-Strike 2 sifiki 144 nikiwa kwenye mapigano. Ajabu ni kwamba CPU inasoma 35% tu na GPU 55%. Mbona wote wana nafasi? (Msomaji wa kike, Sinza)

JIBU: Dada, hiyo 35% ni wastani wa nyuzi kumi na mbili. Uzi mmoja ukijaa kabisa na mingine kumi na moja ikikaa bure, kidhibiti kazi kitaandika 8%. Gemu nyingi zina uzi mkuu mmoja ambao wengine wote wanausubiri, na huo ukishiba ndio mwisho wa habari. Hata grafu ya kila kori inaweza kukudanganya, kwa sababu Windows inauhamisha uzi huo kutoka kori moja hadi nyingine na unaona 60 hapa, 70 pale. Ndiyo maana sisi tunaiamini zaidi namba ya GPU: ikiwa 55 na hakuna kikomo cha fremu, msukumaji amezidiwa. Kwa Hz 144 kila fremu ina milisekunde 6.9 tu za kuandaliwa.

Kabla ya duka, fungua kidhibiti kazi, ukurasa wa kumbukumbu, usome kasi. RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi inawaka kwa 2133 au 2400 mpaka uiwashie wasifu wake kwenye BIOS, unaoitwa XMP, DOCP au A-XMP kutegemea bodi. Ryzen inaumia zaidi kuliko Intel hapa, kwa sababu njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa inakwenda kwa kasi ya RAM. Ryzen 5 2600 rasmi inafika 2933. 3200 ikikataa kuwaka, weka 2933 na utulie. Vijiti vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Ikibidi kubadilisha prosesa una bahati, bodi yako inapokea Ryzen 5 5600 bila kubadilisha kingine. Wengine watakuonyesha 5500 kwa kuwa ni rahisi. Ina MB 16 za kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) badala ya 32, na gemu kama yako inaishi kwenye kashe.

Utaratibu ndio unaoharibu watu. Sasisha BIOS ukiwa bado na 2600 mahali pake, kwa faili ya bodi yako hasa, toleo linalotaja Ryzen 5000. Fanya hivyo ukiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa nusu, bodi inaweza isiwake tena, na sote tunajua umeme wetu haupigi hodi. Na kabla ya kusasisha, angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa. Funguo zake zinaweza kuwa zimefungwa na prosesa ya zamani, na ukiitoa Windows itakudai msimbo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uandike kwanza, au uzime BitLocker.

Siku ya kutoa, cheza gemu dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Prosesa za AM4, soketi ya bodi yako, zina pini upande wake wa chini. Ukikivuta kipozeo kikavu kinang'oka na prosesa ikiwa imeganda nacho, na pini zinapinda. Ukimaliza rudi BIOS, kwa sababu kusasisha kunafuta setingi na XMP itakuwa imezimika tena.

SWALI: Kuna tovuti nimeingiza prosesa na kadi yangu ikaniambia kizuizi ni 34%. Je, hiyo ni mbaya? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Ni namba isiyo na maana. Prosesa hiyohiyo na kadi hiyohiyo, kwenye Valorant prosesa ndiyo itakayobana. Washa gemu yenye mwanga wa miale kwa rezolusheni ya 4K, kadi itafika 99 na prosesa itasinzia. Hakuna asilimia moja inayobeba hali zote mbili. Endesha kipimo cha rezolusheni tulichompa msomaji wa Tabata, kwenye gemu unayoicheza wewe.

SWALI: Natumia laptop ya RTX 3050. Asubuhi gemu FPS 60, jioni umeme ukiwa mdogo inakuwa 35. Prosesa inakosa umeme? Ninunue stabilaiza? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Chaja ya laptop kwa kawaida inapokea volti 100 hadi 240 na kutoa kilekile. Kwa hiyo volti zikishuka hadi 180 laptop haijui. Inayojua ni feni yako ya dari: inazunguka kivivu, chumba kinachemka, na laptop inajipunguzia kasi kwa joto.

Pima hivi. Jioni gemu ikiwa kwenye 35, soma MHz na joto la CPU, na uangalie kama alama ya chaji bado inaonyesha imechomekwa. Soketi iliyolegea kwenye ekstensheni inakutoa kwenye umeme bila wewe kujua, na kwenye betri laptop hizi zinapunguza prosesa na kadi kwa pamoja. Kama chaji ipo na joto linasoma 95, inua laptop kwa nyuma sentimita tatu, elekeza feni ya mezani chini yake kwa dakika kumi, usome MHz tena. Zikipanda, pesa ya stabilaiza inunulie pesti na kusafishia feni za ndani, hasa kama chumba kinapokea upepo wa bahari, maana vumbi lenye chumvi na unyevu linashikana kwenye mapezi na halitoki kwa kupulizwa. Fundi afungue na kuliswaki.